Popo na Bwana Nukta

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa mimi! Si mhasibu, si yule wa masoko na suti yake inayong'aa — mimi. Bosi katoka chumbani kwake na boksi jembamba, kaliweka juu ya meza yangu, kasema kwa sauti ili kiwanda kizima kisikie: kifaa hiki atakijaribu Mama Chapa, na Mama Chapa ndiye atakayeiambia bodi kama tununue kwa kila ofisi au tuachane navyo. Kipaza wa mapokezi alikuwa anakunywa chai. Ilimpalia. (Tunamwita Kipaza kwa sababu ukimnong'oneza jambo asubuhi, mchana linakurudia likiwa limeota mkia.)

Ni kompyuta ndogo ambayo kibodi yake inachomoka. Imeshikwa na sumaku tu. Ukivuta, kinabaki kioo peke yake, unakibeba kama sinia. Ukirudisha — ta! — kompyuta tena. Bosi anaiita tableti. Mume wangu ni fundi wa friji, na jioni alipoisikia hiyo tableti akauliza: kwani unaumwa nini? Unameza kutwa mara tatu? Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. Nikamwambia kwa Kiswahili kinaitwa kishikwambi. Akasema jina hilo ndilo linalohitaji dawa.

Basi mimi nimekipa jina langu: Popo. Sasa hivi kompyuta, baadaye kishikwambi, na hujui ukiweke kundi gani.

Shajara hii naiandika humu humu ndani ya Popo, nipime kibodi. Nimeiwekea neno la siri. Hakuna atakayesoma, kwa hiyo najisifu nitakavyo. Mimi ndiye mchapaji bora aliyewahi kukaa katika kiwanda hiki cha magodoro. Hayo, nimeandika!

Jumanne, 4 Machi

Maoni ya mwanzo. Ya bodi nitayanyoosha baadaye, haya ni ya kwangu.

Kibodi. Nyembamba, vitufe vimebanana. Mimi nilijifunza kwenye taipureta ya chuma, ile ukigonga meza inatikisika na jirani anajua mtu yuko kazini. Hii hailii. Unagonga kama unambembeleza mtoto aliyelala. Mpaka saa ya chakula vidole vilikuwa vinapotea njia, "godoro" ikatoka "gidiri". Mimi! Gidiri! Nikakitazama, kikanitazama. Baada ya chakula tukaelewana.

Mapajani — bure kabisa. Ule mguu wake wa nyuma unateleza, kinaanguka chali. Waliokitengeneza hawajawahi kuvaa sketi.

Kalamu yake. Jamani! Unaandika juu ya kioo na wino hauishi. Nimetia saini yangu mara nyingi bila sababu yoyote.

Kioo chenyewe kinataka mikono safi. Ukila kitu cha mafuta ukagusa, ushahidi unabaki. Mhasibu alikuja "kuangalia tu", akaondoka akiwa ameacha kidole gumba kizima juu ya barua ya mteja.

Halafu hapa mimi na Popo tuligombana: kila neno langu kalipigia mstari mwekundu chini. Godoro — jekundu. Mto — jekundu. Wasalaam — jekundu. Loh! Mimi, ambaye mwalimu wangu wa chuo alisema karatasi zangu hutoka zimenawa uso! Nikakaa naye neno kwa neno. Hili ni sahihi, hili pia, hili usiliguse. Jioni ukurasa mzima ulikuwa mweupe. Mume wangu akauliza kwani nimeajiriwa kuchapa au kufundisha chekechea. Nikamwambia vyote viwili, na vyote naviweza.

Alhamisi, 6 Machi

Habari ya Bosi lazima niiandike vizuri, maana leo imenigusa.

Humu namwita Bwana Nukta. Miaka yote hii yeye anasema barua, mimi nachapa, na huzisema pamoja na alama zake: "Ndugu mteja koma tumepokea malalamiko yako nukta aya mpya." Sasa zimemganda mdomoni. Akiagiza chai, anaagiza na koma. Kwenye harusi ya mhasibu alisimama kutoa nasaha: "Bwana harusi koma bibi harusi koma pendaneni nukta." Watu walidhani anawagombeza, kwa sababu kwa watu wengine koma si alama, ni neno la kumwambia mtoto anayevuta nywele za mwenzake. Mimi peke yangu nilisikia sentensi iliyonyooka. Nikapiga makofi kwa nguvu.

Leo kagundua kwamba Popo ana masikio. Unaongea, anaandika. Yule wa masoko ndiye aliyemwonyesha, mbea mkubwa yule. Bosi akaja mpaka mezani kwangu, macho yanamng'aa kama wa darasa la kwanza. Akasema: "Kikinisikia vizuri koma sitakuwa na haja ya kumsumbua mtu nukta."

Kumsumbua mtu! Mtu mwenyewe alikuwa mbele yake, ameshika barua zake.

Kipaza hakuchelewa. Ananiambia kasikia kwa masikio yake: hapa kiti changu kilipo, nje ya mlango wa Bosi, kutakuja mashine ya kahawa. Mimi nitahamia stoo ya sponji, nikahesabu mitumba ya foronya. Nikacheka mbele yake. Nikaenda chooni, sikucheka tena. Kiti hiki nimekikalia tangu mlango ule ulipokuwa na rangi ya kijani. Kila aliyeingia kwa Bosi alinisalimia kwanza. Kila karatasi iliyotoka ilipitia kwangu. Stoo unapitia nini? Vumbi.

Nikamfuata Bosi, nikamuuliza uso kwa uso. Hakukana. "Tutaona koma Mama nukta. Wewe kwanza kifundishe."

Nikifundishe! Nifundishe kitu kinachokuja kukalia kiti changu!

Sawa. Nitakifundisha. Na nitakifundisha vizuri kuliko mtu yeyote ambaye angeweza, wajue walikuwa na nani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemleta Popo nyumbani, ruhusa ninayo. Nimemsomea maneno tangu tulipotoa vyombo mezani. Kusema kweli anasikia! Anasikia "ng'ombe" na anasikia "ghala". Nimesema haraka, nimesema nikiwa nimeziba pua, kaandika. Nilijikuta namsifu kwa sauti.

Mume wangu hampendi. Msimamo wake ni ule ule: kitu cha kazi mbili hakifanyi hata moja. Anasema aliwahi kuletewa friji yenye redio mlangoni. Redio ilikoroma, friji ikayeyusha, na mwenye nayo akabaki anasikiliza habari huku nyama inanuka. Nikamwambia na simu yako je? Ni tochi, ni saa, ni kamera, ni kikokotoo. Akasema simu ni simu. Nikamwambia basi zima tochi yake uone utakavyoifikia friji ya watu uvunguni. Baada ya muda kidogo nikamkuta amemchomoa Popo kibodi, amemwegemeza kwenye jagi, anatazama mpira. Nilimletea mto.

Ila nimekuta ugonjwa mmoja. Nilijaribu kusema kama Bwana Nukta. "Ndugu mteja koma asante nukta." Popo akaandika hivyo hivyo, kwa herufi: *ndugu mteja koma asante nukta*. Hajui kwamba ni alama! Kwa lugha nyingine wanasema anajua. Kwa Kiswahili bado, na hili haliingii kwa kuongeza maneno. Nimejaribu kila mlango wa mipangilio yake. Hakuna.

Mwenye akili angefurahi. Angeuacha upuuzi utoke, kiti kibaki.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi kamchukua Popo chumbani kwake, kafunga mlango. Kupitia ubao ule namsikia anavyosema barua, nukta na koma zote, kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja. Vidole vyangu juu ya meza vilikuwa vinachapa hewa.

Barua zinatua kwenye folda yetu ya pamoja, mimi nazifungua huku nje kwenye mashine yangu kubwa na kuzituma. Ya kwanza: *ndugu mteja koma godoro lako koma lenye futi sita koma liko tayari nukta*. Nilitazama mlango. Nilitazama barua.

Sikuweza. Wallahi sikuweza kuiacha itoke hivyo! Karatasi chafu ikipita mbele yangu ni kama mtu kaniita jina baya. Nikafuta kila koma nikaweka alama yake, kila nukta nikaweka nukta, herufi kubwa zikasimama mahali pake. Nikachapisha, nikampelekea asaini.

Bosi akaishika mbali, mkono wote umenyooka, kwa sababu miwani havai mbele za watu. Akatabasamu. "Safi kabisa nukta. Mama Chapa koma umekifundisha wewe hiki?"

Hapa ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, yule wa masoko kasimama pale, Kipaza kachungulia, mhasibu yuko na mafaili. Wote wananitazama.

Nikasema: "Nimekifundisha mimi, Bosi."

Yule wa masoko akapiga mluzi wa kustaajabu. Kichwa changu kilivimba kikakosa mlango wa kutokea.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya tatu ya barua safi. Bosi anamwambia kila mtu. Leo kampigia simu meneja wa kiwanda cha mito, nimemsikia: "Tuna mama mmoja hapa koma kakifundisha Kiswahili mpaka kinaweka alama chenyewe nukta." Yule wa masoko kaja na daftari kuniuliza njia. Nikamwambia inataka subira. Hilo angalau si uongo.

Sasa kwa kuwa sifa ni zangu, nimeona zionekane. Nimemtengenezea Popo kiolezo. Kila barua inayozaliwa humo inakuja na jina la kiwanda juu, na chini kabisa pembeni, kama tulivyofundishwa chuoni: herufi kubwa za jina la mwenye barua, mkwaju (ule mstari ulioinama), halafu herufi ndogo mbili za mchapaji. Zangu. Zinajiweka zenyewe, hata nisipokuwepo. Zamani nilizigonga kwa mkono mwisho wa kila barua, na kila mara niliona raha fulani, kama fundi anayegonga chapa yake chini ya kiti alichomaliza.

Mume wangu nimemsimulia yote usoni mwake, pamoja na kusafisha. Kaweka bisibisi chini. Anasema: kwa hiyo unafanya kazi ya mashine kwa siri, ili mashine isifiwe, ili wewe ufukuzwe. Kaomba nimrudie polepole, labda kuna mahali kapitwa.

Nikamwambia hajui mambo ya ofisi.

Keshokutwa ni mahafali ya binti yetu. Nesi! Ruhusa ya siku nzima nimepewa. Popo anabaki ofisini, tutaachana kwa mara ya kwanza. Nimemchaji mpaka kajaa.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwenye simu, nitahamishia kwa Popo baadaye; vidole gumba viwili tu, kama mtu anayekuna ukoko. Fupi basi.

Kaitwa jina lake! Kapanda jukwaani, kofia nyeupe, mgongo umenyooka — mgongo wangu ule. Nilipiga kelele mpaka mume wangu akanivuta gauni. Yeye mwenyewe alikuwa analia waziwazi, anasema ni jasho.

Mbele yetu baba mmoja kainua kishikwambi kikubwa juu ya kichwa chake anapiga picha, safu tatu nyuma hatuoni kitu. Oni la kuongeza kwenye ripoti: kifaa hiki hakifai kuwa kamera, na anayekitumia hivyo anyang'anywe.

Binti kaja, "Shikamoo Mama, umeniona?" Nimekuona, mwanangu. Nimekuona vizuri. Akauliza habari za ile mashine niliyoifundisha. Kumbe baba yake kamsimulia! Lakini kasimulia nusu ya sifa tu, ile nusu nyingine kaacha. Binti akawaambia wenzake: huyu ndiye mama yangu, anafundisha kompyuta Kiswahili. Wakanisalimia kwa heshima, safu nzima ya kofia nyeupe. Nilicheka na meno yote, nikatazama viatu vyangu.

Jumatatu, 17 Machi

Nianzie wapi?

Nimefika, sijaweka hata pochi chini, Bosi kaniita. Kafunga mlango. Kasema Mwenyekiti wa bodi kapiga simu Jumamosi, anahema kama kakimbizwa, kasema Jumanne anakuja mwenyewe, kakata. "Sielewi koma Mama. Ijumaa nilimpelekea mwaliko wa kufungua ghala jipya koma mwaliko mzuri kabisa nukta. Hukuwepo koma nikatuma mwenyewe. Kile kitufe cha mshale."

Mwenyekiti wetu, niseme kwanza, ni mtu wa maneno mengi. Mkutano wake mmoja unaweza kuanza na jua na kuisha na taa. Anajua kwamba watu wanamsema kwa hilo, na hapendi. Nikamfungua Popo, nikaenda kwenye zilizotumwa. Hii hapa, nainakili kama ilivyo:

*mheshimiwa mwenyekiti koma bodi imekusikia koma wafanyakazi wamekusikia koma sasa tunakusubiri wewe mwenyewe uje ufungue ghala letu jipya nukta maneno yako tunayajua koma hatuna haja ya kuyarudia nukta karibu sana koma mheshimiwa koma kwa heshima zote koma*

Na baada ya hapo jina lake. Na chini kabisa, pembeni, zimejiweka zenyewe, safi, nyeusi, hazina hata kivuli cha aibu: herufi zangu mbili.

"Soma," akasema Bosi. "Sina miwani hapa."

Nikamsomea. Nilisoma kama ilivyoandikwa, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine. Nilipofika koma ya pili akaanza kutikisa kichwa. Nilipofika koma ya mwisho alikuwa amekaa kwenye godoro la maonyesho pembeni ya dirisha, lile lenye nailoni, na nailoni inalia chini yake kila akipumua.

"Mbona wiki nzima haikufanya hivi?"

Lilikuwa swali rahisi. Jibu lake nilikuwa nalo mdomoni, la maneno machache. Nikamtazama, mzee wa watu, kafura, tai imekwenda pembeni. Nikasema: "Mashine zina siku zake, Bosi."

Akaitikia taratibu. Kaniamini! Halafu akasema Mwenyekiti kaagiza na mimi nisikose kesho. Kauliza ni nani mwenye herufi hizo hapo chini.

Nimerudi nyumbani, mume wangu kanipakulia chakula mwenyewe, hajauliza. Uso wangu ulikuwa umeshasema. Baadaye kidogo akaniambia jambo moja tu: friji ikigoma, anayeumbuka si friji, ni fundi aliyesema imepona.

Nilitaka kumrushia kijiko. Nikala nacho.

Jumanne, 18 Machi, asubuhi

Sijalala vizuri. Nimechapa ripoti ya bodi kabla ya watu kufika ofisini. Nainakili:

Popo ni kifaa kizuri. Ni chepesi, kinadumu na chaji, kinaamka ukikigusa. Kwa wanaozunguka ghalani ni bora kuliko kubeba mafaili. Kwa mchapaji wa siku nzima, kibodi yake itaumiza vidole, aongezewe kubwa. Kalamu isipotee. Kisiwekwe mapajani. Kinasikia Kiswahili vizuri sana, lakini alama hakizijui, na kila kinachoandikwa kwa sauti lazima kisomwe na mtu kabla ya kutoka.

Niliandika "hakizijui". Nikatazama neno hilo muda mrefu. Nikilipeleka hivyo, Bosi atauliza: basi zile barua za wiki nzima alizitia alama nani? Na binti yangu ataulizwa na zile kofia nyeupe. Na yule wa masoko atapiga mluzi mwingine, si ule.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, nimechapa kitu na sijui kama nitakitoa.

Jumanne hiyo hiyo, baadaye

Niko kwenye kiti changu, nje ya mlango. Popo mbele yangu. Wao wawili wako ndani. Naandika kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure.

Mwenyekiti kaja na dereva na mwaliko ameuchapisha, kaukunja mara nne. Hakumsalimia mtu. Hata mimi hakunisalimia! Tukaingia wote watatu. Akaukunjua mezani, akausoma kwa sauti, na ile sauti yake jamani, kila koma ilitoka kama kofi. Kipaza nje alikuwa kimya, jambo ambalo sijawahi kulisikia.

"Mwaka wa arobaini huu nafanya biashara," akasema, "sijawahi kuambiwa nikome na kiwanda changu mwenyewe. Kwa maandishi! Nani kaandika?"

Bosi akatazama dirisha.

Mwenyekiti akaweka kidole chini kabisa ya karatasi. "Herufi hizi za nani?"

"Zangu, Mheshimiwa," nikasema. Zilikuwa zangu. Ningesema nini? Nikavuta pumzi niendelee, na hapo akainua mkono. Atanisikiliza baadaye. Kwanza anataka kujua kwa bosi wangu ni mtu wa aina gani kaajiriwa hapa. Nisubiri nje.

Nimetoka. Bosi hajanitazama nikitoka. Nikajiambia: haya basi, ndiyo hivyo. Kasha la kalamu langu ni lipi, picha ya binti niitie wapi, stoo kuna msumari wa kutundika? Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Barua zako zote nimezinawisha uso, na leo unatazama dirisha!

Ubao wa mlango ni mwembamba. Nasikia.

Mwenyekiti anasema mchapaji wa namna hii afukuzwe leo leo.

Sasa Bosi. Sauti yake iko chini, lakini ni ile ile, naifahamu kuliko ya ndugu zangu:

"Niliandika mimi koma si yeye nukta."

"Unaona? Unaona! Unaniambia tena nikome, mbele ya macho yangu!"

"Hapana koma Mheshimiwa koma mimi ndivyo ninavyosema koma —"

Nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Mbavu sina. Nacheka, machozi yanadondoka kwenye kioo cha Popo, vitu vinafunguka vyenyewe. Nimefuta na mkono wa blauzi.

Sijui Mwenyekiti anamtazama vipi. Bosi anaendelea, polepole sasa, kama anasema barua ya mteja mkubwa:

"Yule mama hakuwepo siku hiyo nukta. Angekuwepo koma isingetoka nukta. Katika miaka yote koma hajawahi kuniangusha hata nukta koma namaanisha nukta yenyewe nukta. Kama ni kufukuza koma anza na mimi nukta."

Ee! Kasema hivyo. Kwa ubao huu huu nimesikia, si kwa kusimuliwa. Miaka yote namchapia maneno, na haya ndiyo mazuri kuliko yote, na ni yangu. Kifua kimenijaa hata shati la Popo — hata sijui naandika nini. Kifua kimenijaa tu.

Na si ya kweli yote. Hilo nalijua mimi peke yangu, na mume wangu. Niliwahi kumwangusha, wiki nzima, kwa kila koma niliyofuta nikakaa kimya. Yule mzee anaweka kiti chake rehani kwa ajili ya mtu ambaye hajamwambia. Mashine zina siku zake, nilimwambia. Mashine!

Bosi anamweleza jinsi kifaa kinavyoandika yeye akisema. Mwenyekiti anauliza, sauti imelegea kidogo: sasa kama ni hicho kidude, mbona hizo barua nyingine zote zilitoka safi? Nakala zake aliziona. Zilikuwa safi.

Bosi hajui. Atajuaje? Nasikia nailoni ya lile godoro inalia. Kakaa.

Sasa anakohoa, kama anavyokohoa kila mara kabla ya kuendelea. Anasema: "Aya mpya."

Vidole vyangu vimejipanga vyenyewe juu ya vitufe. Vinasubiri asemacho.

Aya hii si yake, ni yangu.

Ripoti iko wazi kwenye kioo, neno "hakizijui" liko mahali pake, halina mstari mwekundu. Nachomoa kibodi, naingia na